Wakala wa Kuwajibu Akina Mama

Siku Lyle Santangelo alipogundua kwamba mama za watu ni mgodi, alikuwa mkahawani, Mtaa wa Clinton, Buffalo, akinywa kahawa ya tatu kwa bei ya moja. Ilikuwa Februari, theluji imefika madirishani, na biashara yake ya mwisho ilikuwa imekufa wiki iliyotangulia. Alikuwa akiuza chumvi ya ajabu ya kuyeyushia barafu, hadi mteja mmoja mkorofi alipoionja na kutambua kuwa ni chumvi ya mezani iliyotiwa rangi ya buluu. Lyle alimrudishia nusu ya pesa na pole nzima, akahama mtaa.

Meza ya pili alikaa bwana mmoja mnene, koti la bei mbaya, anakula mayai kwa hasira. Simu yake ilikuwa inalia kila baada ya tonge.

"Mkeo?" Lyle akauliza kwa huruma.

"Afadhali angekuwa mke wangu. Mama yangu! Tangu alfajiri ananitumia picha za theluji. Naiona theluji! Nimeingia nayo humu viatuni!"

"Anakaa mbali?"

"Dakika kumi na mbili kwa gari."

"Na mara ya mwisho kumtembelea?"

"Krismasi." Yule bwana akatafuna, akameza. "Ya mwaka juzi. Lakini tunawasiliana sana. Kila siku tunaandikiana."

Akamgeuzia simu kama ushahidi. Mama alikuwa ameandika mistari kumi na minane. Chini yake mwana alikuwa amejibu kwa picha ya kidole gumba. Lyle akapandisha macho: mistari ishirini na miwili, kidole gumba. Mistari tisa na picha ya paka wa jirani, kidole gumba. Moyo wa Lyle ulidunda kama wa mtu aliyejikwaa kwenye dhahabu.

"Bosi, unafanya kazi gani?"

"Maduka ya magodoro. Matatu. Naitwa Randy Kubiak."

"Basi, Bosi Randy, wewe tatizo lako si upendo. Upendo unao wa kumwaga. Tatizo lako ni vidole. Havina nafasi." Akavuta kiti karibu. "Mimi ni mshauri wa mawasiliano ya kifamilia. Kazi yangu ni kuwaazima watu vidole."

Kabla mayai hayajapoa walikuwa wameelewana. Randy angefungua akaunti yake ya ujumbe kwenye kompyuta ya Lyle, na Lyle angemjibu mama kwa jina la mwana, kutwa, kwa ada ya mwezi. Masharti yalikuwa mawili. Ajibu haraka, tena kwa utamu. Na asiahidi kamwe kwamba Randy atakuja. Randy akauzima mlio wa mama yake palepale mezani, akavuta pumzi ndefu, na kwa furaha akaagiza keki.

Sasa, msimulizi hana nia ya kumtetea Lyle. Alikuwa tapeli na alijijua. Lakini kazi ile aliiweza kama aliyezaliwa nayo. Mwezi haukuisha Randy akawa amewanong'oneza jamaa zake wa klabu ya gofu, nao wakanong'oneza wengine, na ilipoanza Kwaresima Lyle alikuwa na akina mama saba. Alikuwa na daftari: huyu ana presha, huyu hapendi mkwewe, huyu ukimtaja dadake wa Cleveland umeharibu. Asubuhi anachemsha chai katika chumba alichopanga juu ya duka la dobi, anafungua kompyuta, na kuanza kuwa mtoto mwema wa watu saba.

Nyota wao wote alikuwa mama yake Randy, Bi Dolores Kubiak, miaka sabini na sita, mjane wa Stan. Aliandika kuhusu supu, kuhusu padri mpya anayehubiri kwa kunong'ona, kuhusu goti lake. Siku ya kwanza kabisa alipolalamikia goti, Lyle aliuliza, "Lipi, Mama, la kushoto au la kulia?" Kukawa na kimya cha dakika nne nzima. Kisha likaja jibu: "La kushoto. Asante kwa kuuliza."

Lyle aliyekuwa hana mama tangu akiwa na miaka tisa alianza kuzisubiri jumbe zile. Alimwomba maelekezo ya supu ya kabichi, akaipika juu ya jiko lake moja, akamtumia picha. "Umetia karoti nyingi mno," Bi Dolores akajibu, "lakini sufuria ni safi." Lyle alitabasamu peke yake chumbani kama mwehu.

Alhamisi moja ukaja ujumbe tofauti: "Mwanangu, siku hizi unaniandikia mpaka vidole vyangu vinauma kukujibu. Na si mimi tu, wenzangu wote wanaokuja kula samaki kanisani Ijumaa wanalia hivyohivyo. Laiti angepatikana mtu wa kutuandikia na sisi."

Lyle aliusoma mara tatu. Kisha akasimama, akazunguka chumba, akakaa tena. Watoto wanamlipa awajibu mama zao. Sasa mama nao wamlipe awajibu watoto! Pande zote mbili za kamba zimeshikwa na mkono mmoja, na mkono wenyewe ni wake. Mtu mwenye busara angejiuliza bahati hii imetoka wapi. Lyle alijiuliza avae shati gani.

Ijumaa jioni ukumbi wa kanisa ulinuka mafuta na kabichi. Watu wamebanana kwenye meza ndefu, kila mmoja na samaki wake mkubwa kuliko sahani. Lyle aliingia na vikaratasi vya tangazo mkononi na jina jipya, Sal. Akamtambua Bi Dolores mara moja, kutokana na picha: kimama kifupi, miwani mikubwa, amesimama kando ya meza akigawa saladi kana kwamba anatoa hukumu.

"Shikamoo, Mama," Lyle akasema, huku akimvutia kiti. "Kaa kwanza, usilitese goti."

Bi Dolores akamtazama. Akatazama kiti. Akakaa polepole.

"Marahaba. Una biashara gani, kijana?"

Lyle akammiminia maneno. Dunia imekimbia, vidole vya wazazi vimechoka, watoto wanataka majibu saa ishirini na nne, huduma ya kisasa, siri kabisa. Bi Dolores alisikiliza akitafuna samaki kwa utaratibu.

"Kwa hiyo utamwandikia mwanangu, na yeye adhani ni mimi."

"Hatojua hata kidogo."

"Maskini. Na dhambi yake nani ataibeba?"

"Ipo ndani ya ada, Mama."

Wanawake wawili jirani wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Bi Dolores hakucheka. Akapunguza ada kwanza kwa nusu, halafu kwa nusu ya nusu, kisha akaweka sharti.

"Kila Alhamisi utakuja nyumbani kwangu unisomee. Nilichomwambia na alichonijibu. Siwezi kukutana na mwanangu siku moja nikawa sijui tumeongea nini."

Usiku haujaingia akina mama walewale saba wa daftari lake wakawa wametia saini na kumfungulia akaunti zao.

Wiki za mwanzo Lyle alijiona mfalme. Saa mbili asubuhi anaandika kwa niaba ya mama: "Mwanangu, umevaa kofia?" Saa mbili na dakika tano anajibu kwa niaba ya mwana: "Nimevaa Mama, ile uliyonifumia." Lyle anamhimiza Lyle ale vizuri, Lyle anamshukuru Lyle. Siku nyingine walitaniana hadi akacheka mwenyewe. Katika familia saba za Buffalo upendo ulikuwa ukifurika, na hapakuwa na mwanafamilia hata mmoja aliyehusika.

Kilichomshangaza ni Alhamisi. Alipofika mara ya kwanza jikoni kwa Bi Dolores, alisoma jumbe, akasifiwa, akala pierogi sita, vile vitumbua vya Kipolandi vilivyojazwa viazi. Alipoinuka, Bi Dolores akamwambia, "Kwa kuwa umesimama, Sal, nitolee theluji pale mlangoni." Alhamisi ya pili ilikuwa mifereji ya paa. Ya tatu, friji ya chini ipande juu na ya juu ishuke chini. Ya nne friji zikarudi zilipokuwa, maana Bi Dolores alikuwa amefikiria upya. Na wale sita wengine, waliposikia kwamba Dolores anasomewa nyumbani, nao wakataka wasomewe nyumbani, na kila nyumba ilikuwa na kochi lililotaka kusogezwa.

"Mgongo wangu, Mama," Lyle alilalamika siku moja.

"Kijana mzima! Stan wangu alibeba piano peke yake."

"Kweli?"

"Hapana. Lakini hakulalamika."

Lakini alikuwa akirudi. Alijiambia anarudi kwa ajili ya ada, na ada yenyewe haikutosha hata dawa ya kuchua mgongo.

Wiki mbili kabla ya Pasaka, Bi Dolores akiwa anakanda unga, akasema, "Leo mwandikie Randy hivi. Muulize kama atanilipia ile safari ya meli, Karibiani, siku kumi na mbili, mimi na wenzangu."

Kalamu ya Lyle ikasita. "Safari ya meli?"

"Najua hataweza. Lakini mtu mzima hupenda kusikia jibu zuri."

Lyle akaona hoja. Swali ataliandika yeye, jibu ataliandika yeye, na maneno hayana nauli. Kesho yake akaandika kutoka kwa mwana: "Bila shaka, Mama. Umenilea kwa taabu. Kata tiketi, nitalipa yote." Akaongeza na moyo mwekundu. Alipomsomea, Bi Dolores alifuta unga mkononi, akasema, "Ona mtoto huyu!" kwa sauti iliyomfanya Lyle asikie joto kifuani. Wiki hiyohiyo wale sita wengine nao wakataka waulizwe watoto wao swali lilelile. Lyle akawajibia wote ndiyo. Alikuwa na friji tatu za kusogeza na hakuwa na muda wa kubuni kitu kipya.

Jumatano baada ya Pasaka alikuwa amelala chali chini ya sinki la Bi Dolores, spana mkononi, miguu imetokeza jikoni, aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa na sauti anayoijua.

"Mama? Umepiga simu. Kwa nini umepiga simu? Kuna nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Ingia, vua viatu. Randy, huyo chini ni Sal, fundi wangu. Sal, toka umsalimie mwanangu."

Lyle alitamani bomba limmeze. Akajivuta nje, uso umejaa maji machafu, akasimama. Randy akamwona. Rangi ya uso wa Randy ikapanda, ikashuka, ikapotea.

"Habari, fundi," Randy akasema huku akisaga meno.

"Nzuri, bosi. Nimefurahi kukufahamu."

Wakapeana mikono. Kila mmoja aliuminya wa mwenziwe kama anakamua ndimu.

"Kaeni," Bi Dolores akasema. Akatoa bahasha kubwa, na ndani ya bahasha rundo la karatasi. "Nimekwenda maktaba, yule binti wa pale akanichapishia. Randy, nilitaka nikushukuru ana kwa ana. Maneno mazuri kama haya hayafai kujibiwa kwa simu." Akavaa miwani ya kusomea. "'Bila shaka, Mama. Umenilea kwa taabu. Kata tiketi, nitalipa yote.' Na moyo. Nimekata."

"Umekata nini?"

"Tiketi. Tunaondoka Jumanne ijayo. Saba sisi. Na watoto wa wenzangu, Mungu awabariki, wote wamekubali hivyohivyo, nao wanaonyeshwa karatasi zao sasa hivi. Tulipanga iwe saa ileile kwa wote ili wasipate nafasi ya kupigiana simu."

Randy alifungua mdomo. Lyle akamwona akitafuta njia. Angeweza kusema, "Mama, si mimi niliyeandika." Lakini baada ya hapo angeulizwa, basi ni nani, na tangu lini, na kwa kiasi gani kwa mwezi. Akaufunga mdomo. Akaufungua tena.

"Karibu sana, Mama," akasema. Ilikuwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

"Asante, mwanangu. Sasa mwambie huyu bwana naye asijisumbue kujificha, anatia maji sakafuni." Akamgeukia Lyle. "Sal. Au nikuite jina gani?"

Sinki liliendelea kudondosha.

"Lyle," Lyle akasema.

"Lyle. Jina zuri, ungelianza nalo. Nyinyi mnadhani mimi ni mjinga? Randy wangu hajaweka nukta mwisho wa sentensi tangu darasa la pili. Halafu siku moja ananiuliza goti lipi! Randy hajui hata kama nina magoti."

"Mama..."

"Nyamaza, sijamaliza. Nikawaonyesha wenzangu simu yangu, nao wakanionyesha zao. Watoto saba, na wote ghafla wanasema 'jifunike vizuri, malkia wangu'. Malkia wangu! Mtoto wa Wanda ni polisi, hajawahi kumwita mtu malkia. Basi nikaandika kwamba vidole vinauma, nikasubiri. Kesho yake anatokea kijana sijapata kumwona maishani mwangu, ananiambia nisilitese goti."

Lyle alijishika kichwa. Miaka ishirini ya utapeli, na kilichomponza ni adabu.

"Kwa nini hukunifukuza siku ileile?" akauliza.

"Mifereji ilikuwa imeziba." Bi Dolores akakunja karatasi. Kisha akasema kwa sauti ya chini kidogo, bila kumtazama yeyote, "Na ilipendeza kuulizwa."

Randy alimfuata Lyle hadi barazani, akamshika kola.

"Masharti yangu yalikuwa mawili!"

"Sikuahidi kwamba utakuja! Niliahidi meli tu!"

"Basi wewe ndiye uliyeahidi. Utalipa nusu."

"Na wale sita wengine?"

"Nao watakutafuta mmoja mmoja. Mtoto wa Wanda ni polisi, umesikia mwenyewe."

Lyle alifikiria kukimbia. Lakini Bi Dolores akasikika kutoka dirishani akisema kwamba anazo picha kumi na nne za Lyle, amevaa aproni, uso mzima, katika jikoni saba tofauti. Akasalimu amri. Ada za watoto, ada za mama zao, akiba ya chini ya godoro na hatimaye gari lake bovu, vyote vilikwenda kwenye nusu ya tiketi saba. Katika maisha yake hakuwahi kumtapeli mtu kwa ufundi aliotapeliwa nao yeye, na usiku, akijipaka dawa mgongoni, alijikuta akistaajabu zaidi kuliko kulia.

Jumanne yenyewe uwanja wa ndege ulipambwa na akina mama saba wenye kofia za majani, nje theluji ya Aprili ikianguka. Lyle alibeba masanduku, maana nani mwingine angeyabeba. Watoto wao walisimama pembeni kwa aibu kama wanafunzi waliochelewa. Bi Dolores alimbusu Randy, kisha akamvuta Lyle sikio, akamtia mkononi bakuli lililofunikwa.

"Supu. Karoti chache, ndivyo inavyotakiwa. Ukitapeli mtu nikiwa safarini nitasikia."

"Ndiyo, Mama."

Wakapita lango wakicheka, bila kugeuka hata mara moja.

Lyle na Randy walitembea pamoja hadi maegeshoni, hawasemeshani. Lyle hakuwa na gari tena, ikabidi aombe lifti. Randy akafungua mlango wake, akasita.

"Yale mambo yote aliyokuwa akiandika," akasema akiitazama theluji. "Alikuwa anasema nini hasa?"

"Mengi. Padri. Paka wa jirani. Na kwamba siku hizi yeye mwenyewe analala kwenye kiti cha sebuleni."

"Kwa nini? Ana kitanda. Nilimpa godoro mwenyewe, la daraja la kwanza!"

"Ngazi zinamtisha, tangu alipoteleza Januari."

"Aliteleza? Januari? Mbona hakuniambia?"

"Alikuandikia, bosi. Mimi na wewe hatukuwa hata tumekutana bado. Niliuona nilipopandisha juu kwenye jumbe za zamani. Ulijibu kwa kidole gumba."

Randy akaingia garini, akafunga mlango, akakaa na simu mkononi. Lyle, nje, alimwona akianza kuandika, akifuta, akiandika, akifuta. Mazoea ya kazi yakamwasha vidole. Kidogo angegonga kioo amwambie aanze na "Mama". Lakini Randy akaacha kuandika, akaiweka simu sikioni.

Sauti yake ilisikika hadi nje.

"Mama? Bado hamjapanda? Uliteleza Januari na hukuniambia?... Ndiyo, najua uliniambia!... Hapana, nasema ungepiga!... Mimi? Mimi ndiye ningepiga?... Kitanda kishushwe chini, nitakishusha mwenyewe Jumamosi... Mgongo wangu hauna shida... Nani alibeba piano?"

Upepo wa ziwani ukapiga maegesho. Lyle akavuta mpini wa mlango, ukawa umefungwa. Akagonga kioo, akionyesha bakuli, kola, na masikio yake yaliyokwisha kuwa mekundu. Randy, bila kugeuza kichwa, akamwinulia kidole kimoja: subiri, naongea na Mama.

Lyle akapandisha kola, akaikumbatia supu ikiwa bado na uvuguvugu, akasubiri. Alimjua yule mama kuliko mtu yeyote mjini. Mpaka waitwe kupanda ndege, hawa wawili hawatakuwa wamefika hata kwenye suala la mashuka ya hicho kitanda.